Ustadh Mirza, Aliyetufundisha Kuuliza

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2022, Ustadh Mirza Abdulhusain anastaafu baada ya kuitumikia Hospitali ya Umm Al-Nakhil, hapa Bahrain, kwa miaka karibu thelathini na sita. Aliajiriwa Septemba 1986 kuwa mwalimu wa Kiingereza wa wauguzi na mkalimani wa wodini. Alikuja na shahada mbichi, miwani mikubwa kuliko uso, na masharubu ambayo, kwa ushahidi wa picha iliyoko ofisi ya utumishi, yalikuwa bado hayajaamua kama yaote au yaache.

Kamati ya jarida imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake, na kwa sababu mengi yaliyompata katika jengo hili yalitokea mbele ya macho yangu. Yeye mwenyewe ameyasoma yote kabla ya kuchapishwa. Amenirekebishia herufi mbili, na maneno akayaacha.

Wakati ule wauguzi wengi walikuwa mabinti wa vijiji vyetu, kutoka Sitra, Jidhafs na Diraz, na madaktari walitoka kila pembe ya dunia. Lugha ya faili ilikuwa Kiingereza. Sisi tulikijua kwa kusoma vibao vya maduka tu. Siku yangu ya kwanza darasani, mwaka 1990, Ustadh hakufungua kitabu. Aliwasimamisha watatu wetu mbele, kila mmoja na kadi kifuani: wa kwanza *where*, wa pili *is*, wa tatu *the pain*. Hilo lilikuwa swali la moja kwa moja, maumivu yako wapi. Kisha akamwita wa nne, mwenye kadi kubwa ya *can you tell me*, waweza kuniambia, akamweka mbele ya wote. Hapo ndipo alipopiga makofi.

"Is, rudi nyuma! Umeshaingia nyumbani kwa watu, bado umesimama mlangoni? Pita, kaa mwisho!"

Muuguzi mwenye *is* alikimbia akasimama nyuma ya mwenzake, na sentensi ikatulia: *Can you tell me where the pain is?*

Kwetu hayo yalikuwa mateso ya bure. Kiarabu chetu hakihamishi neno mahali pake hata ukiuliza kwa kuzunguka namna gani. Mwenzangu mmoja alinyanyua mkono.

"Ustadh, kwani mgonjwa hataelewa nikiliacha mbele?"

"Ataelewa, binti yangu. Lakini umemwamsha, umemchoma sindano, na sasa unamhoji. Ukianza kwa adabu, imalize hiyo adabu mpaka mwisho wa sentensi."

Tukambandika jina la Ustadh Rudi-Nyuma. Jina likatoka darasani likafika hadi kwa madereva wa magari ya wagonjwa. Gari likiegeshwa mlango wa dharura, ungesikia mtu anapaza sauti, "Is! Is! Rudi nyuma, bado kidogo!" Ustadh alikuwa akipita hapo na mkoba wake kwapani, anacheka peke yake.

Mwaka 1991 alifika Sista Noreen Geraghty kutoka magharibi ya Ayalandi, akawa metroni wa wodi ya upasuaji. Alikuwa mrefu, ana madoadoa usoni, na alitembea upesi mpaka ukisikia viatu vyake kwenye korido ujue umeshachelewa kusimama wima. Kiarabu alijifunza kitandani kwa wagonjwa, na wagonjwa wake wengi walikuwa vikongwe wa Sitra, kwa hiyo akawa anaongea kama bibi yangu mzaa mama. Sisi wauguzi wachanga tulimwogopa kwa wiki moja tu. Baada ya hapo tulimfuata kama vifaranga.

Mimi nilikuwa mmoja wa vifaranga hao. Kiingereza nilichokuwa nacho nilikiokota kinywani mwake. Akisema, nasema. Akiandika kwenye faili, naandika vilevile. Na kwao Sista, mgonjwa akiomba maji, huandikwa hivi: *He asked could he have water*, aliuliza je, anaweza kupata maji. Kwa kanuni ya Ustadh Mirza hapo pana kasoro mbili. Neno *if*, yaani kama, limekosekana, na *could* limebaki mbele kama kwamba bado ni swali lililo mdomoni mwa mgonjwa. Alitaka *he asked if he could*.

Mtihani wa kuthibitishwa kazini ulikuja majira ya kuchipua ya 1993. Tulitakiwa tuandike ripoti ya mgonjwa: aliuliza nini, familia iliuliza nini, daktari aliuliza nini. Niliandika kurasa mbili kwa furaha. Kila swali ndani yake lilikuwa la mtindo wa Sista Noreen, na kila moja Ustadh alilipigia mstari mwekundu. Nilifeli. Aliyefeli hathibitishwi, na asiyethibitishwa anarudi nyumbani. Baba yangu, fundi bomba, alikuwa ameshawaambia jamaa wote kwamba bintiye ni muuguzi wa serikali.

Sista aliposikia, hakubisha hodi. Ofisi ya Ustadh ilikuwa na mlango mwembamba, na sisi tulikuwa tumesimama nje.

"Umemfelisha Fadhila, muuguzi bora kuliko wote niliokuwa nao."

"Karatasi ndiyo iliyomfelisha, Sista."

"Karatasi haina mkono. Kosa liko wapi?"

Karatasi ikafunuliwa. Kisha sauti ikapanda.

"Hili? Hili ndilo kosa? Mimi nasema hivi! Mama yangu anasema hivi! Padri wetu anasema hivi mbele ya madhabahu!"

"Basi kwa heshima zote, Sista, mnakosea nyote pamoja na padri."

"Wewe mtu wa Bahrain ndiye wa kunifundisha mimi Kiingereza?"

"Nafundisha cha kitabuni. Cha kwenu sijakisoma."

"Basi kakisome!"

Mlango ulifunguliwa kwa ghafla hata hatukupata muda wa kukimbia. Sista alitupita bila kututazama, masikio yakiwa mekundu.

Mtu mwingine angenuna. Ustadh alikwenda akakisoma. Aliagiza vitabu maktaba ya chuo kikuu. Aliwauliza wauguzi wengine wa Kiayalandi mjini. Alikuja wodini kwetu akakaa pembeni kwenye kiti cha wageni, akimsikiliza Sista anavyoongea na madaktari, na Sista akijifanya hamwoni. Akagundua kwamba watu wa kule wameuliza hivyo kwa vizazi na vizazi, kwa kuwa lugha ya mababu zao, kabla ya Kiingereza, ilikuwa inaripoti swali bila kulibadili umbo. Kwa hiyo lile nililoandika lilikuwa na kwao. Lilikuwa na wenyewe.

Akaenda mbele ya kamati ya mitihani. Mwenyekiti alikuwa Daktari Rushdi, bwana mmoja mpole asiyependa marekebisho.

"Ustadh, mtihani huu nani ameutunga?"

"Mimi, daktari."

"Na kanuni ya kusahihishia?"

"Mimi."

"Sasa unalalamika kwa nani?"

"Nasema tu kwamba alichoandika binti huyu ni sahihi mahali fulani duniani."

"Na mahali hapo ni hapa Umm Al-Nakhil?"

Kamati iliamua nirudie mtihani baada ya mwezi mmoja, na nikifeli tena, basi. Alikuja mwenyewe kunieleza. Alinikuta chumba cha mashuka.

"Fadhila, nimejaribu nimeshindwa. Utarudia. Nitakufundisha mwenyewe kila siku baada ya zamu, na hutafeli."

Nililia kwenye mashuka masafi ikabidi yafuliwe tena.

Kurudia ni aibu. Darasa la watu wengi, unaingia peke yako, viti vitupu vinakutazama. Siku ya kwanza nilikaa kiti cha mbele nimeinamisha kichwa. Kabla Ustadh hajashika chaki, nikasikia viatu. Sista Noreen aliingia na daftari jipya na kalamu ya risasi iliyochongwa, akavuta kiti akakaa pembeni yangu.

"Nimeambiwa sijui Kiingereza," alisema. "Nimekuja kujifunza."

Ustadh aliduwaa. Halafu, bila kutabasamu, alimpa kadi ya *could*. Metroni wa wodi ya upasuaji, mwanamke aliyekuwa akiwatetemesha madaktari bingwa, alisimama mbele ya darasa la mtu mmoja, na Ustadh akapiga makofi: "Could, rudi nyuma!" Akarudi nyuma. Alikosea mara nyingi kuliko mimi. Kila akikosea, Ustadh alimsahihisha, kisha akageuka akaandika ubaoni sentensi mbili: kushoto ile ya mtihani, kulia ile ya kwao Sista, zote kwa chaki nyeupe, na wala hakuipigia mstari hata moja.

Nilifaulu. Na tangu mwaka ule Ustadh amewafundisha wauguzi wote kwa ubao wa namna hiyo. Upande mmoja wa kuandika kwenye faili, upande wa pili wa kuelewa na kuheshimu. Leo wenzetu kutoka Kerala na Manila wana namna zao za kuuliza, na hakuna aliyewahi kuchekwa katika darasa la Ustadh Mirza.

Yaliyofuata tuliyaona sote isipokuwa wao wawili. Ustadh alianza kupita wodi ya upasuaji kuulizia kama kuna haja ya mkalimani. Haja haikuwepo. Sista alikuwa anatukanana kwa Kiarabu na wauza samaki wa soko la Manama. Bado Sista alikuwa akimjibu Ustadh, "Kaa kidogo, pengine itatokea."

Mwaka 1995 mkataba wa Sista uliisha. Tikiti ilikatwa, keki ya kumuaga ikaagizwa. Siku chache kabla ya hapo Ustadh alinifuata akiwa amevaa kanzu mpya iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

"Fadhila, una nafasi ya chai? Mimi na Sista tuna mazungumzo kidogo kantini. Nisingependa watu waseme tulikuwa peke yetu."

Nikaenda. Tulikaa watatu, istikana tatu za chai, vile vigilasi vyetu vidogo, na sahani ya sambusa ambayo hakuna aliyeigusa isipokuwa mimi. Ustadh alikohoa, akaanza kwa Kiingereza. Angependa kujua, alisema, iwapo ingewezekana kwake kufikiria kama kungekuwa na hali yoyote ambayo ingemfanya aone kwamba kubaki hapa si jambo lisilofaa. Sentensi ilikuwa ndefu kama daraja la kwenda Saudia, na kila kitenzi ndani yake kilikuwa kimekaa mahali pake sawasawa.

Sista aliisogeza sahani ya sambusa kando.

"*Are you asking me will I stay?*"

Yaani, unaniuliza je, nitabaki? *If* haikuwepo. *Will* ilikuwa mbele kabisa, wima. Niligeuka kumtazama Ustadh, nikisubiri mkono unyanyuke kupiga makofi.

"Ndiyo," alisema. "Hilo ndilo ninalouliza."

"Mama yako anasemaje?"

"Sijamwambia bado."

"Kamwambie. Na usizunguke kama ulivyozunguka kwangu, mama yako ni mtu mzima, atasinzia katikati."

Mama yake, Hajiya Makkiya, Mungu amrehemu, alikuwa mjane wa Bilad Al-Qadim aliyelea watoto sita kwa kushona. Alikuwa ameshamchagulia mwanawe wachumba wawili kwa nyakati tofauti. Alipoambiwa, hakula siku nzima. Siku ya pili akasema, "Mlete nimwone." Mimi nilichukuliwa tena, kwa kuwa Hajiya alimjua mama yangu.

Tulipokelewa kwa kahawa na tende. Hajiya alikaa wima kwenye godoro lake, shungi limefunika paji la uso. Alikuwa na hakika kwamba mgeni hajui neno, na mgeni kwa adabu alikaa kimya.

"Muulize huyu anataka nini kwa mwanangu."

Ustadh alimgeukia Sista akasema kwa Kiingereza kwamba mama yake angefurahi sana kufahamu alikuwa na matumaini gani kuhusu maisha ya baadaye.

"Mbona refu hivyo? Mimi nimesema maneno mangapi?"

"Kiingereza ndivyo kilivyo, mama."

"Haya. Muulize ni lini joto letu litamshinda, afunge sanduku, akuachie watoto unawapikia mwenyewe."

Ustadh alijifuta jasho kwa leso. Nilimwona anatafuta njia, na njia haikuwepo.

"Mama anauliza," alisema hatimaye kwa Kiingereza, "kama unaipenda hali ya hewa ya hapa."

Sista aliweka kikombe chini. Aliongea kwa Kiarabu, kile kile alichofundishwa na vikongwe wa Sitra.

"Hajiya, umeuliza ni lini joto litanishinda nikamwacha mwanao. Joto limenishinda tangu siku niliyoshuka kwenye ndege. Mwanao sijamchoka."

Hajiya Makkiya alimtazama Sista, akanitazama mimi kana kwamba nimemficha kitu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Anajua Kiarabu!"

"Ndiyo, mama."

"Tena cha Sitra! Nani kakufundisha kusema hivyo, mwanamke?"

"Wagonjwa wangu, Hajiya."

"Utakuja hapa Jumamosi. Tutakinyoosha." Kisha akamnyooshea mwanawe kidole. "Na wewe! Nimekuuliza mambo ya watoto, wewe unamwambia habari za hali ya hewa? Na serikali inakulipa mshahara kwa ukalimani huu?"

Akaisukuma sahani ya halwa mbele ya Sista. Mimi nilijua hapo hapo kwamba kazi imeisha. Walioana majira ya baridi. Mambo ya karatasi na ya imani yalichukua muda wake, nayo ni yao wenyewe. Sista alikaa na Hajiya Makkiya kwa miaka kumi na miwili, na mwisho ni yeye aliyemwosha na kumgeuza kitandani. Mabinti wa kuwazaa walikuwapo, lakini Hajiya alikuwa anataka mkono wa Noreen.

Siku ile ya hali ya hewa ilimbadilisha Ustadh. Aliapa kwamba hatapunguza wala kuongeza tena swali la mtu. Miaka mingi baadaye nilikuwa wodini wakati daktari mpasuaji alipotaka kumuuliza mzee mmoja kama ameelewa kwamba mguu wake utakatwa. Mtoto wa mzee huyo alimvuta Ustadh kando.

"Mwambie baba ni operesheni ndogo tu. Atakufa kwa hofu."

"Mwanangu, daktari amemuuliza yeye. Mguu ni wake."

Alirudi kitandani, akavuta kiti, akamshika mzee mkono, akamuuliza neno kwa neno. Mzee akauliza naye kama atapewa mguu wa bandia wa kumfikisha msikitini. Ustadh akalipeleka swali kwa daktari vile vile lilivyokuja. Mzee yule aliishi, na kila Idi alikuwa akituletea maandazi.

Mtu atauliza kwa nini Ustadh anaondoka sasa, wakati bodi ilimwomba abaki miaka miwili zaidi na yeye ana nguvu zake. Ameniruhusu kulieleza wazi ili minong'ono isiwepo. Sista Noreen amekuwa akisahau. Ilianza na funguo, ikaja kwa majina ya watoto wao, sasa Kiarabu chenyewe kinamtoka kidogo kidogo. Siku nyingine, ikifika alasiri, anarudi kwenye shamba alikozaliwa. Anauliza kama ng'ombe wameshaingizwa zizini. Katika mtaa wa Bilad Al-Qadim hakuna ng'ombe. Ustadh anamwambia wameingia wote, na maziwa yameshakamuliwa. Baada ya kitambo kidogo anauliza tena, naye anamjibu tena, kwa sauti ile ile kama kwamba ndiyo mara ya kwanza.

"Bodi wameniuliza nani atafundisha," aliniambia nilipokwenda kumwona ofisini akifungasha vitabu. "Nimewaambia walimu wapo. Lakini nyumbani kuna mtu anauliza, na ananiuliza mimi tu."

Tulikaa tukafikiri zawadi ya kumpa. Saa ya ukutani anayo. Kanzu anazo. Kwa hiyo wauguzi wa wodi ya upasuaji, waliopo na waliostaafu, tumepangana zamu. Kila alasiri mmoja wetu atakuja Bilad Al-Qadim kukaa na Sista, kunywa naye chai nzito yenye maziwa, na kumhakikishia habari za ng'ombe. Muuguzi mwenzetu Shiny, kutoka Kerala, alikua na ng'ombe kwao, amesema ataanza yeye, Jumapili, kwa kuwa ana habari za kutosha.

Ustadh Mirza, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Umm Al-Nakhil, ahsante kwa kila sentensi na kwa kila mtu uliyemfikishia neno lake kama alivyolisema. Uishi salama na Sista wako, na afya iwe nanyi. Jumapili Shiny akibisha hodi, mfungulie, mwachie kiti, kisha wewe nenda ukalale.

Fadhila Abdulamir
Metroni Mkuu